Kioo Chekundu cha Kapela ya Kapata

Jumatatu, 10 Machi

Leo kwenye mkutano wa kapela, kanisa letu dogo la mtaa wa Kapata, nimesimama na kuahidi kutengeneza kioo chekundu. Mbele ya watu wote! Dirisha la upande wa kwaya limevunjika, vumbi la mgodi uitwao Mashamba linaingia, na mke wangu Agnès anaimba huku akikohoa. Jirani yetu Polycarpe alitaka kuweka kioo cha kawaida. Cha kawaida, katika mji wa shaba! Padri wetu, Abbé Séraphin, amesema atachagua kati ya vioo vyetu viwili Jumapili.

Baada ya kuahidi, nikampigia simu binti yangu Myriam, anayesoma fizikia Lubumbashi, anieleze kinatengenezwaje. "Tata, shaba ikiwa bipande bidogo sana ndani ya kioo, inakula mwangaza ya kijani, njo inabakia nyekundu," aliniambia. Akaongeza habari ndefu za moto na hewa. Sikuzihitaji. Vipande vidogo? Nyumbani kuna kinu.

Jumatano, 12 Machi

Shaba haitwangiki! Waya wa shaba unalala bapa tu. Nikamwaga siki ulainike. Sasa kinu cha Agnès, alichoachiwa na mama yake huko Musumba, kina ufa na ndani ni kijani. Nimekificha nyuma ya gunia la makaa. Ameuliza kwa nini sombe, majani ya muhogo, haijatwangwa. Nikasema maharagwe yanatosha. Polycarpe amepita na tepu ya kupimia, akipiga mluzi. Simpendi.

Ijumaa, 14 Machi

Mechack, fundi wa sufuria, amenikubalia tanuru yake. Chupa nyeupe za soda, vipande vya waya, moto. Nikazungusha feni ya tanuru kwa nguvu zote. Kioo kimetoka kijani! Myriam amesema nimeipa shaba hewa nyingi mno, na kwamba alinionya. Nilikaribia kulia. Nikawaza kuhamia Musumba, lakini huko ni kwa wakwe.

Mechack amefukia chungu cha pili cha chupa na waya katikati ya makaa, akaziba mlango wa tanuru, akaenda kula.

Jumamosi, 15 Machi

Tumevunja chungu. Uchafu mweusi, mapovu. Lakini chini kabisa, kipande kimoja, kama ukucha wa kidole gumba. Chekundu kama mawese! Nimekiinua juani. Sijafurahi hivi tangu Myriam azaliwe.

Jumapili, 16 Machi

Abbé ameweka kioo cha Polycarpe, kwa sababu kinafika pande zote nne za dirisha. Changu amekigandisha pembeni kwa gundi. Jua lilipopanda, doa jekundu likashuka, likatua kwenye upara wa Polycarpe na kukaa hapo mahubiri yote. Kwaya nzima iliona. Agnès aliimba bila kukohoa, akanitazama, akatabasamu.

Tulipofika nyumbani: "Papa Myriam, kinu ya mama iko wapi?" Nimesema atakipata jioni.

Sina wasiwasi. Myriam aliwahi kunieleza kwamba vipande vya metali vikipangwa kwa mistari sawasawa, mwangaza unaweza kukizunguka kitu kisionekane. Akaongeza habari ndefu. Sikuzihitaji. Nimeshatangaza baada ya misa kwamba kufikia Pasaka choo cha kapela hakitaonekana tena. Nitaanza na ufa wa kinu.

Agnès ametoka kwenda kwa dada yake. Chekeche lake la unga ni la waya, na matundu yake yamepangwa kwa mistari sawasawa.