Chupa ya Symphorien

Jumatatu, 7 Machi 1994
Nimeaibishwa! Muuguzi Émérence alichemsha mkojo wangu na dawa yake ya buluu. Ukibaki buluu, sukari hakuna. Wangu ukageuka mwekundu kama tofali. Kisha mizani: kilo mia na tatu! Aliisoma kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Nipunguze bukari, ugali wetu, nitembee, niache viatu vinavyobana, nioshe kidonda cha kidole kila siku. La sivyo kidole kitakatwa. Kukatwa! Mimi! Mishahara imekufa, Likasi yote imekonda, tumbo langu ndilo heshima niliyobaki nayo.

Jumapili, 13 Machi
Nimekula nusu ya bukari. Baadaye nusu nyingine. Kesho napimwa tena. Lakini nina akili! Jirani yangu Symphorien ni mwembamba, anajigamba kwamba anafika mpaka Kakanda, mji wa mbali, kwa baiskeli. Nimemwomba mkojo, eti wa kufukuza panya bustanini. Alikunywa maji vikombe vinne, akajaza chupa mbili. Afya iliyoje!

Jumatatu, 14 Machi
Mungu wangu! Mwekundu kuliko wangu! Kichupa karibu kimtoke Émérence mkononi. “Papa Evariste, hii mukojo iko ya muntu wa kufa! Weye unatembea namna gani?” Wa kufa ni Symphorien! Nilikiri yote. Hakucheka. Alinituma nimlete mara moja. Alitazama na kidole changu, nikaogopa kweli. Nimepewa wiki mbili za kukiponya, kisha nipimwe mara ya mwisho.

Jumamosi, 19 Machi
Symphorien alinitukana kwa ajili ya panya, kisha akalia, akanishukuru. Sasa anameza vidonge, anapima bukari kwa kikombe, anakagua nyayo zake kila jioni. Anachosha! Mkewe, Mama Tania, ameniletea beseni la mikate ya kukaanga kwa kuokoa maisha ya mumewe. Nilikula kumi na mmoja. Kukataa kungekuwa matusi.

Jumapili, 27 Machi
Kanisani walinisimamisha mbele kama mwokozi wa jirani. Nilivaa viatu vyangu vyembamba vya harusi. Nilipovivua, kidole kilikuwa cheusi! Nilishtuka mno. Lakini hakiumi hata kidogo, kwa hiyo kinapona. Kesho ni kipimo cha mwisho. Symphorien alipimwa juzi: buluu safi! Nimekwenda kwake na chupa. Nimemwambia panya wamerudi.