Mnara wa Korongo, Kathonzweni

Jumatatu, 3 Novemba
Mutanu ametuma picha tena kwenye kundi la kijiji. Mke wangu yuko Wuhan, China, mwaka wa pili sasa, anafundisha Wachina Kiswahili. Leo kasimama mbele ya jengo refu, paa juu ya paa. Ameandika: Mnara wa Korongo wa Manjano, nikiwa hapa sitamani kwingine.

Sitamani kwingine! Nimeisoma mara kumi na moja. Mkataba wake unaisha Desemba. Chuo kinataka abaki miaka miwili zaidi, na jibu ni Jumapili. Nataka arudi. Basi, nimeandika. Kumwambia ni jambo lingine. Mwanaume mzima halialii kwa simu.

Mwalimu Kiema, jirani yangu, alitoa maoni kabla yangu. Eti mnara huo umeungua na kujengwa upya mara nyingi tangu enzi za kale. Nani alimuuliza?

Jumanne, 4 Novemba
Nimepata dawa. Nilikuwa na mbuzi, nimekaa ukingoni mwa lile shimo linalokula shamba letu kila mvua. Afisa wa kilimo huliita korongo. Udongo wake? Manjano tupu. Wachina wamelijengea korongo lao mnara, na watu wanapanda ndege kwenda kulitazama. Sisi letu tunalitupia miiba. Nikijenga mnara hapa, Mutanu atabakia huko kufanya nini?

Muli fundi aliuliza kama ni ghala la mahindi. Nikasema ni mnara wa kihistoria. Akauliza historia ya nani. Nikamwambia apime mbao.

Alhamisi, 6 Novemba
Orofa mbili zimesimama. Rangi ni ile iliyobaki baada ya kupaka kanisa, manjano ya kutosha. Kiema alipita akauliza ni nani hujenga mdomoni mwa shimo mwezi wa mvua. Wivu tu.

Nilipandisha viti viwili juu. Kwa mbali unaona vilima vya Mbooni. Nilikaa kwangu, nikakiangalia kile kingine hadi mbuzi wakaanza kunililia. Nimemkosa sana huyu mwanamke.

Jumamosi, 8 Novemba
Nilituma picha ya mnara. Mutanu akapiga simu, akacheka hadi akakohoa. Sijasikia kicheko hicho tangu Krismasi. Nusura nimwombe asiache.

Kisha akanieleza kwamba korongo ni ndege, yule wa miguu mirefu. Eti ingekuwa shimo angeandika "la manjano", na yeye aliandika "wa". Tangu lini Kathonzweni tukajali "wa" na "la"? Hapa tunasema "gari yangu" na gari inatembea.

Akanisimulia kisa chake. Ndege alichorwa ukutani kwenye nyumba ya pombe, akawa anashuka kuwachezea wateja. Siku moja aliyemchora akaja, akampanda, wakaruka, wasionekane tena. Mnara ukajengwa kwa kumbukumbu. Kwa hivyo nimejenga kumbukumbu ya aliyeondoka asirudi. Kwa mikono yangu, na misumari juu.

Jumapili, 9 Novemba
Mvua ilitukuta kanisani. Nilipofika nyumbani korongo lilikuwa limebeba mnara na viti vyote viwili.

Saa tisa Mutanu alipiga. Sauti ya upole. Akasema anataka kuwajibu watu wa chuo, na kabla hajajibu, je, kuna kitu nataka kumwambia? Nikamweleza kwamba nguzo zingeingia futi tatu chini, zingeshika. Nikaeleza kwa kirefu. Akauliza kama ni hayo tu. Nikasema kuna pia suala la rangi. Akaniaga vizuri.

Jumatatu, 10 Novemba
Amekubali miaka miwili.

Ujumbe wake unasema alikuwa anangoja niseme "rudi", na angefunga mizigo siku hiyohiyo. Rudi! Herufi nne. Si angenidokeza? Nimelia kidogo nyuma ya zizi.

Chini ya ujumbe kuna picha. Amesimama juu ya daraja la Mto Yangtze, la mwaka 1957, magari yanapita juu na treni chini. Anasema hulivuka kwa miguu akikumbuka nyumbani, na bado hajachelewa kubadilisha jibu, wamempa hadi kesho.

Nilishika simu. Nikafungua jina lake. Kidole kikawa tayari kabisa.

Halafu nikaitazama ile picha tena. Daraja la orofa mbili! Korongo letu ni hatua kumi na mbili tu kwa upana, na safari hii nitachimba nguzo hadi kwenye mwamba. Nikampigia Muli. Anakuja kesho asubuhi na futi yake. Mutanu nitamjulisha likikamilika.