Balbu Tatu na Vifaranga Ishirini

Jumatatu, 3 Februari 1992
Nimezipata! Balbu tatu za kisasa, kwa Mbelgiji anayehama Kigali. Nzito kama kikombe cha chai. Zinakula umeme kidogo, mwanga tele. Nimempa koti langu la Idi. Mke wangu Mukandekezi kauliza koti liko wapi. Nimesema liko kwa watu wasafi. Si uongo.

Jumanne, 4 Februari
Moja sebuleni, moja chumbani, ya tatu jikoni juu ya boksi la vifaranga. Ishirini, mali ya ushirika wa kina mama. Mukandekezi anawalea tu. Balbu za zamani nimezifukia kwenye gunia la maharage. Hakuna kurudi nyuma!

Jumatano, 5 Februari
Asubuhi, kilio. Vifaranga wamerundikana pembeni, wanatetemeka. Jirani Twagirayezu, fundi umeme wa gereji hapa Gikondo, kaigusa balbu, kacheka mpaka kakaa chini.
"Muzee, hii iko baridi! Walikuwa wanaota joto la ile ya zamani."
Nimemjibu taa ni ya kuonea, si ya kuota. Mukandekezi hakucheka.
"Baba Kaliza, hawa si wangu. Wenzangu nitawaambia nini? Rudisha taa yangu."
Nimekwenda guniani. Zote zimepasuka! Aliyekalia gunia jana akivua viatu simtaji. Maharage yote yamemwagwa, yamejaa vipande vya kioo.

Alhamisi, 6 Februari
Nimewabeba vifaranga hadi kibandani kwangu ninakoshonea. Boksi nimeliweka kando ya pasi ya makaa. Wamechangamka! Nimetoka kuita mashahidi. Tuliporudi, kona ya boksi inafuka moshi na vifaranga wametapakaa chini ya cherehani. Nimepata kumi na tisa. Wa ishirini alikuwa kalala ndani ya mkono wa suti. Mteja alikuwa keshaivaa.

Ijumaa, 7 Februari
Mukandekezi kawahamishia vifaranga kwa Twagirayezu. Kule kuna balbu ya wati mia, moto kama kikaango. Wazima wote, alhamdulillahi. Kaniomba niende nikashukuru, na niombe radhi. Nishukuru nini? Kuku wa kisasa wangezoea. Nimekwenda msikitini kwa njia ya mzunguko, nisipite mlangoni kwake. Nimechelewa sala.

Jumapili, 9 Februari
Mukandekezi kashinda kwa jirani na vifaranga wake. Vizuri, nimepata nafasi ya kufikiri. Nimesikia kuna mtu huko Kabuga, nje ya mji, anauza jiko la jua. Halitaki makaa, halitaki kuni, unaliweka uani tu, chungu kinachemka! Kesho nakwenda kuliona. Jiko letu la makaa nimeshamgawia mama muuza mahindi, lisije likatushawishi. Kashukuru sana, kalibeba likiwa bado la moto.
Mvua imeanza tangu adhuhuri. Itakatika tu.