Bibi Fulani wa Tisini na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Balaa. Mke wangu anauza cherehani. Amenitangazia asubuhi akinimiminia chai, kwa sauti ileile anayotumia kusema sukari imekwisha. Mnunuzi ni mwenye duka la sare za shule. Anakuja Jumamosi na mkokoteni.

Nilipinga. Nikasema ile ni cherehani ya marehemu mama yake. Akajibu kwamba marehemu mama yake alikuwa na wateja. Siku hizi watu wananunua nguo zilizotundikwa tayari madukani, na yeye amechoka kupangusa vumbi mashine isiyoshona. Kama nataka ibaki, nimletee mteja, siyo maneno.

Sikumwambia ukweli. Ukweli ni kwamba bila mlio wa ile cherehani mimi sifanyi kazi. Meza yangu iko upande wa pili wa ukuta wake. Miaka yote nimetengeneza tovuti za watu huku ikilia. Tangu inyamaze, ukurasa mmoja unanila wiki nzima. Nampenda mke wangu na ninaipenda kelele yake, na sijui kuvitenganisha.

Kisha nikaona aibu. Mwokaji wa keki nimemtengenezea tovuti. Fundi mabomba nimemtengenezea. Ya mwenye saluni iko karibu kumalizika. Ana subira, ingawa inapungua. Mke wangu hana hata ukurasa. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini mke wake je?

Mpango: tovuti ya ushonaji hewani Jumatano. Wateja Ijumaa. Jumamosi mwenye sare anarudi na mkokoteni mtupu. Kazi ndogo sana.

Jumanne, 4 Machi

Tovuti iko tayari. Nimepiga picha magauni yake, yote yametundikwa kwenye mpini wa ufagio. Yanapendeza, ukiacha ufagio. Mke wangu kaangalia, kasema ni vizuri mtu kujishughulisha. Haamini. Ataamini.

Jioni kaja shemeji, mdogo wake mke wangu. Huyu ameajiriwa ofisini kujaribu programu za wenzake na kuonyesha mahali zilipooza. Wanamlipa kwa hilo. Humu daftarini namwita Nzi, kwa sababu hatui pengine ila kwenye kidonda. Nikamfungulia tovuti ili naye aone mkono wa fundi. Nilikosea.

Aliagiza gauni kwa jina la herufi moja iliyorudiwa mara nyingi. Ikakubali. Kwenye namba ya simu akaandika maharage. Ikakubali. Akaagiza gauni la mtu mwenye kiuno cha sentimita hasi kumi, na tovuti yangu ikamshukuru kwa kutuchagua. Hapo ilibidi ashike meza kwa kicheko. Alipopumua akaniambia kwamba kwenye simu ndogo kitufe cha kuagiza kinajificha chini ya picha. Nikamwambia wenye simu ndogo wakitafute, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Akala wali wetu, akarudia mara mbili, kisha akaniusia. Shemeji, tengeneza nakala pembeni, fanyia majaribio humo. Ile itakayokwenda hewani usiiguse. Nikamjibu kwamba mpishi haweki chungu cha pili ili aonje chumvi. Jibu zuri. Nililifurahia mpaka usingizini.

Jumatano, 5 Machi

Hewani! Asubuhi nimeiunganisha na simu ya mke wangu, ili kila oda ikiingia apate ujumbe papo hapo. Aliniachia simu bila kuuliza, kama mtu anayemwachia mtoto bisibisi.

Mchana nikarekebisha kile kiuno cha hasi kumi. Fundi hodari hujaribu kazi yake. Nikaingia kama mteja. Jina: Bibi Fulani. Gauni, rangi ya bluu. Kifua tisini na tisa. Kiuno tisini na tisa. Nyonga, urefu, mikono, shingo, kote tisini na tisa, maana kidole kilishafika kwenye tisa na hakikuona sababu ya kuondoka. Namba ya simu nikaweka ile laini yangu ya pili, ambayo nimewapa wateja ninaowakimbia. Nikabonyeza. Oda imepokelewa. Safi kabisa.

Kisha nikasikia kiti kikianguka chumba cha pili.

Mke wangu aliingia ameishika simu kwa mikono miwili. Akasema amepata mteja. Mtu asiyemjua kabisa, ameona kazi yake, kamchagua yeye. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikauona uso wake. Nikaufunga mdomo.

Baada ya muda cherehani ikaanza kulia upande wa pili wa ukuta. Nilikaa nikaisikiliza tu. Sikufanya kazi yoyote.

Alhamisi, 6 Machi

Hali mbaya. Amekitoa kile kitambaa cha bluu alichokuwa anakitunza juu ya kabati, ambacho hata shangazi yake alikiomba akanyimwa. Anamkatia Bibi Fulani.

Nimeifuta oda kwenye tovuti. Haikusaidia, ujumbe umebaki kwenye simu yake. Nikamwandikia kwa jina la Bibi Fulani kwamba nimesafiri ghafla, gauni silihitaji tena. Barua fupi, ya heshima. Nilishindwa kuituma. Nikaiongezea salamu, nikashindwa tena.

Nikiwa bafuni simu yenye ile laini ya pili ililia ndani ya suruali yangu iliyotundikwa nyuma ya mlango wa chumbani. Ililia sana. Nilipotoka ilikuwa imenyamaza na imekwisha chaji. Mwenye saluni huyo. Sijaiwasha.

Wakati wa chakula mke wangu akaniuliza namdhania Bibi Fulani ni mtu wa namna gani, mwenye kifua na kiuno sawasawa. Nikasema pengine ni mtu asiyeyumba. Yeye akasema anavyomwona ni mtu anayependa kula na asiyependa kutembea. Akanitazama muda mrefu. Nikajaza wali mdomoni.

Maji yamefika shingoni. Nikamwendea Nzi, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akasema jana alipompigia dada yake kwenye simu alimsikia anaimba, na yeye alikuwa amesahau kwamba dada yake huimba. Akasema, shemeji, hapa dawa ni kumtafuta mwanamke wa tisini na tisa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemtafuta. Nilianza kwa mwokaji, kwa kuwa ni mteja wangu na ana umbo la kutumainisha. Nikamuuliza kwa adabu zote kiuno chake ni sentimita ngapi. Akaniuliza kama mke wangu anajua kwamba ninapita kuuliza viuno vya watu. Nikasema ni jambo la kitaalamu. Akaweka chini keki aliyokuwa ameshika na kuchukua kile kimti cha kusukumia unga. Nikakumbuka nina shughuli nyingine.

Mpango wa pili: wateja wa kweli. Nimewatumia tovuti watu wote ninaowafahamu, wakaingia wengi. Hakuna aliyeagiza. Hakuna hata mmoja. Nilikata tamaa, nikasema basi, watu hawamtaki mke wangu, mwenye sare atabeba.

Jioni Nzi akaja bila kuitwa. Akaomba simu ya jirani, ndogo, yenye kioo kilichopasuka. Akafungua tovuti, akaniwekea mbele ya macho. Kitufe cha kuagiza hakipo. Kiko chini ya picha, chini ya ule ufagio. Watu walitaka kununua kwa simu zao ndogo wakakosa pa kubonyeza. Aliniambia Jumanne. Hakunikumbusha kwamba aliniambia, na hilo liliniuma kuliko kama angenikumbusha.

Tulikaa bega kwa bega tukarekebisha. Mimi nakosea, yeye anajaribu, anatikisa kichwa, narudia. Chai ikapoa. Wahenga walisema nzi kufa juu ya kidonda si hasara. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa inalia. Sijui nitamwambia nini kesho mkokoteni ukifika. Nimejaribu kupanga maneno na yote yanaanza na samahani.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenye sare alifika na mkokoteni na wapagazi wawili. Nilisimama mlangoni na hotuba yangu. Nzi alisimama nyuma yangu, nadhani ili nisikimbie. Sikufika hata kwenye samahani. Mke wangu alitoka chumbani, akamsalimu mzee wa watu vizuri, akamwambia amwie radhi, cherehani haiuzwi tena. Ana mteja.

Mwenye sare akauliza, si bila kejeli, mteja mwenyewe yuko wapi. Mke wangu akasema, huyu hapa. Akaniwekea mikononi kitu cha bluu kilichokunjwa.

Lilikuwa shati.

Akanieleza mbele ya wote. Alhamisi alimpigia Bibi Fulani amuulize kuhusu mikono, kwa sababu mkono wa tisini na tisa unafika magotini. Suruali yangu ikaitika nyuma ya mlango. Akaketi kitandani akacheka peke yake. Kisha akalia kidogo. Alisema miaka yote tuliyokaa pamoja sijawahi kumwomba anishonee kitu, nanunua mashati ya dukani yenye kola zinazokufa baada ya kufuliwa mara mbili. Na leo nimejificha nyuma ya bibi wa watu, nikajitaja mpaka kiuno changu, ili yeye asiuze mashine ya mama yake. Akasema hajapata kuona mwanaume mwenye haya kiasi hicho, wala mwenye upendo kiasi hicho.

Nililivaa palepale. Kifuani limekaa. Tumboni limekaa pia, na hilo nalisema kwa uchungu: kweli mimi ni tisini na tisa, juu na chini. Urefu na mikono na shingo aliviweka kwa akili yake. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijua, lakini kumbe na anayekupenda anakujulia nguoni.

Nikamtazama Nzi. Mtu ambaye hajawahi kuona kosa akaliacha. Alifungua mdomo. Akamwona dada yake alivyosimama, akiniwekea sawa kola. Akaufunga. Akanizunguka polepole, akavuta mshono wa bega, akakagua vifungo kimoja kimoja.

Akasema, imepita. Hakuna kosa.

Mwenye sare aliondoka na mkokoteni mtupu, kama nilivyopanga. Mke wangu nitamweleza ukweli kesho.

Jumapili, 9 Machi

Leo hapakuwa na nafasi. Alikuwa anaimba.

Jumanne, 11 Machi

Oda ya kweli! Ya mwokaji. Alitaka kujua mke wangu ni mtu wa aina gani hata mumewe azunguke kuuliza viuno, akafungua tovuti, akakiona kitufe. Gauni la kijani. Cherehani inalia tangu asubuhi na mimi nafanya kazi ya wiki mbili kwa siku moja. Ukweli utasubiri. Ukweli haujawahi kuwa na haraka.

Mwokaji naye ameridhika na mimi tena. Ameniomba nimwekee kwenye tovuti yake ukurasa wa watu kuagiza keki. Nimeumaliza kabla ya mchana. Nzi kapiga simu kutoka ofisini kunisihi, shemeji nakuomba, safari hii nakala pembeni. Nikamwambia habari ya mpishi na chungu. Akakata.

Nimeujaribu hapohapo hewani. Jina: Bwana Fulani. Keki ya harusi. Idadi, tisini na tisa, maana kidole kilishafika kwenye tisa. Namba ya simu, ile laini ya pili, ambayo simu yake nimeshaichaji. Nimebonyeza. Oda imepokelewa. Safi kabisa.

Sasa hivi suruali inalia nyuma ya mlango. Mwenye saluni huyo, sipokei. Nje nimeona mkokoteni wa mayai ukikata kona kuelekea kwa mwokaji, na wa pili nyuma yake.

Nimeingia kwa mke wangu kumwomba shati lijalo aniachie nafasi kidogo tumboni. Akasimamisha mashine, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, basi tu. Akatabasamu, akachukua futi ya kupimia, akanizungushia mikono kiunoni, na hakuitoa mapema.