Mukimo wa Ijumaa

Jumatatu, 12 Mei
Pwa! Bado naisikia. Sukuma wiki ikigonga ukuta wa jikoni. Watoto wangu wa Gredi ya Tano huichambua kutoka kwenye githeri ya mahindi na maharagwe, kisha hushindana nani atarusha mbali. Mwongozo mpya wa chakula cha shule unataka mboga za majani kila siku, tunda kila wiki, mafuta kidogo. Mwongozo mzuri mno! Niliposoma ukurasa wa matunda nilitokwa na machozi. Ijumaa afisa wa lishe anakuja, na Mwalimu Mkuu atateua msimamizi wa chakula: mimi au Madam Kananu wa Gredi ya Nne. Mimi nina digrii ya lishe. Kananu anaongoza kwaya.

Jumanne, 13 Mei
Nimemchunguza Kananu nikiwa nyuma ya tangi la maji. Hana mbinu yoyote. Anaketi nyasini na watoto, anatafuna mboga kama mtu aliyebahatika. Nao wanamfuata. Sahani zote safi! Sijawahi kuona ualimu kama huo. Lazima ashindwe.

Jumatano, 14 Mei
Wazo! Jani lililopondwa ndani ya viazi halirushiki. Mukimo! Na viazi hapa Kibirichia haviishi. Mukimo wa sufuria kubwa hupondwa na wanaume, kwa hiyo nimemtuma mpishi Bundi awaite akina baba waje Ijumaa na michi. Alitabasamu sana, akanipa hongera. Hatimaye mtu anayetambua ubunifu.

Ijumaa, 16 Mei
Akina baba walikuja wamevaa makoti. Nikafurahi: heshima kwa lishe! Kisha wakaja akina mama, kwa nyimbo, na vikapu vya ndizi mbivu na maparachichi. Mmoja akanikumbatia: "Gatwiri wa mama! Sasa huyo kijana ni wa wapi?"
Kijana gani?
Kumbe kijiji kizima kimepiga hesabu. Hapa wanaume huitwa kuponda mukimo wa sherehe, na mwalimu hajaolewa: ni posa! Na kwenye sherehe wageni hula kwanza. Kufikia kengele ya chakula, sufuria ilikuwa tupu. Watoto wamesimama na sahani, afisa kando yao. Nilitamani ardhi inimeze.
Kananu hakunicheka. Aliwashukuru wageni, akaomba vikapu, akamwambia Bundi apashe moto githeri ya walimu, akaigawa. Kila mtoto akapata parachichi na ndizi. Afisa alisema hajaona shule yenye matunda kiasi hicho. Kananu akamjibu kwamba wageni waliitwa na Mwalimu Gatwiri. Jamani, mwanamke huyu!
Akateuliwa yeye. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Jumapili, 18 Mei
Kananu amenifanya msaidizi wake. Ombi lake ni moja tu: nisipange kitu bila kumwambia. Ombi la busara. Lakini shule haina pesa ya matunda, na watoto waliuliza maparachichi yatarudi lini. Nimewaza ibada nzima. Matunda hufuata posa! Kwa hiyo, kabla ya baraka ya mwisho, nilimpa mchungaji tangazo, naye amelisoma: posa yangu ni Ijumaa, uwanjani pa shule, wageni waje na vikapu. Kijana anaitwa Munyi, wa Gachoka. Kwaya ililipuka kwa vigelegele, Kananu akiongoza.
Jioni hii nimempigia binamu yangu wa Gachoka. Nimemwomba anitafutie Munyi yeyote.