Sentensi ya Swali Iliyopewa Vema Ikakosa Jibu

Mgahawa wa Mama Nyamburi,
Jirani na stendi,
Butiama.

Kwa Ndugu Gloria,
Mratibu wa Madarasa ya Kiingereza ya Watu Wazima,
Musoma.

Ndugu Mratibu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba hapo ofisini wanakusikiliza unapoongea. Mimi ni Pelagia Masatu, mjane wa miaka arobaini na tisa, mwanafunzi namba kumi na moja katika darasa lako la Jumamosi hapa Butiama. Naandika kumlalamikia Mwalimu Enos pamoja na aina nne za sentensi za Kiingereza, ambazo zimevuruga maisha yangu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ule ule wa kitabu.

Ujue kwanza kwa nini nilijiunga. Mwaka jana gari la watalii liliharibika hapa, watalii wakala mgahawani kwangu. Mzungu mmoja alionja sato akapaza sauti, "What a fish!" Mimi najua "what" ni "nini", nikaelewa kwamba anauliza ni samaki gani. Nikamweleza kwa Kiswahili na kwa mikono kwamba ni sato, ametoka kisiwa cha Rukuba, amevuliwa jana, amekuja Musoma kwa mtumbwi. Akarudia maneno yake, nami nikarudia maelezo, mpaka samaki akapoa. Dereva ndiye aliyeniambia kwamba mgeni hakuuliza kitu, alikuwa anasifia tu. Nilijiandikisha wiki ile ile.

Mwalimu Enos ni kijana mwenye bidii na shati safi, sipingi. Alitufundisha kwamba kuna sentensi ya taarifa, ya swali, ya amri na ya mshangao. Kila Jumamosi tunasoma aina moja, kisha kila mtu anasimama kutoa mfano wake. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Jumamosi ya taarifa alisimama Mzee Leodgar. Huyu ni mfugaji wa upande wa juu huko, alifiwa na mke miaka sita iliyopita, ndiye huniletea maziwa ya mgahawani, na darasani hukaa kiti cha nyuma kabisa na haongei. Akavua kofia, akasema kwa Kiingereza kwamba ana ng'ombe kumi na tisa na hana mke. Wakati anasema, alikuwa ananitazama mimi. Mwalimu Enos akasema, "Safi sana, taarifa mbili zimeunganishwa vizuri," akamkalisha. Nauliza, Ndugu Mratibu, je, mwalimu haoni macho ya wanafunzi wake? Au macho yake yako kwenye mtaala wa muhula wa pili?

2. Jumamosi ya swali, ambayo ndiyo kiini cha barua hii, Mzee Leodgar alisimama tena na kofia mkononi. Akasema, "Pelagia, will you marry me?" Yaani ananiuliza kama nitakubali kuolewa naye, mbele ya watu kumi na wanne. Mwalimu Enos akasema, "Vizuri! Kitenzi kisaidizi kimetangulia, sauti imepanda mwishoni. Vema. Anayefuata." Anayefuata alikuwa Burito wa duka la pembejeo, akauliza posta iko wapi. Basi swali langu likafukiwa chini ya swali la posta, ambayo Burito anaijua iko wapi.

Nilirudi nyumbani sijui kama nimechumbiwa au nimetumika kama mfano. Nilimuuliza mwenzangu Susana, tunayekaa naye dawati moja. Akaniambia, "Dada, huyu mzee sijamwonaga akitania hata siku moja." Lakini Susana pia alipata sita kwa kumi kwenye jaribio, kwa hiyo sikujua nimwamini kiasi gani.

3. Jumamosi ya amri, Mzee Leodgar alisema, "Come to my house." Mwalimu Enos akamrekebisha kwamba ni vizuri kutanguliza "please", halafu akatufafanulia kwa msisitizo kwamba sentensi ya amri haihitaji kujibiwa, inahitaji kutekelezwa. Mimi ni mwanafunzi msikivu. Jumapili baada ya misa nilimchukua Susana tukaenda nyumbani kwa Mzee Leodgar. Tulimkuta na mabuti ya zizini, kashika beleshi la samadi. Alishtuka mpaka beleshi likamponyoka. Alituwekea viti, akatuletea maziwa, kisha tukakaa. Kwa sababu ya aibu, mimi na yeye tukaanza kuongea Kiingereza. Akasema kuna joto. Nikasema ndiyo, kuna joto. Akasema jana pia kulikuwa na joto. Tuliendelea hivyo karibu saa nzima, Ndugu Mratibu, tukapita wakati uliopo na wakati uliopita, na tungefika wakati ujao kama Susana hangesimama kuaga. Nakueleza haya ili uone kwamba darasa lako linatupa sentensi, lakini halitupi la kuongea.

4. Hili la nne linaniuma. Jumamosi iliyofuata tulifanya marudio, tukageuza sentensi za kukubali kuwa za kukataa. Mwalimu Enos aliandika ubaoni, "I will marry him," akaniita mimi. Ni sentensi ya kitabuni, ukurasa wa thelathini na mbili, nimehakikisha mwenyewe. Nilisimama nikaigeuza bila kosa hata moja: "I will not marry him." Yaani sitaolewa naye. Darasa likanipigia makofi, nikafurahi kama mtoto. Nilipogeuka ili Mzee Leodgar naye aone jinsi nilivyopata, alikuwa anafunga daftari lake. Alivaa kofia yake akiwa bado ndani ya ukumbi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akatoka. Mwalimu akaniandikia vema nyekundu.

Jumamosi ya mwisho, ya mshangao, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Nilipoitwa kutoa mfano, nilisimama nikakitazama kile kiti, nikakosa mshangao wowote, nikakaa. Nimepewa sifuri. Hiyo sifuri siilalamikii.

Leo ni wiki ya pili hajaonekana, wala maziwa ya mgahawani haleti tena mwenyewe. Anamtuma mtu.

Kwa hiyo naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo. Mwalimu Enos aondolewe kwenye sentensi na apelekwe kwenye herufi, ambako hawezi kuumiza mtu. Sentensi za mazoezi zibuniwe alama yake ya mwishoni, tofauti na nukta na kiulizo, ili mtu akiulizwa jambo zito ajue kama ameulizwa kweli. Ukurasa wa thelathini na mbili uchanwe katika vitabu vyote vya mkoa, kuanzia Musoma mpaka Bunda. Na mwisho, ofisi imwandikie Mzee Leodgar barua rasmi yenye muhuri, kumjulisha kwamba yale niliyoyasema Jumamosi ile yalikuwa marudio, na kwamba swali lake la awali bado liko mezani na linashughulikiwa. Mimi mwenyewe siwezi kumwambia, kwa kuwa ni mwanamke mwenye heshima zangu na mgahawa wangu, na suala hili lilianzia darasani, hivyo ni la kiofisi.

Nisalimie wafanyakazi wote wa hapo, mlinzi wa getini aliyenipa kiti siku ya kujiandikisha, na mume wako kama unaye. Susana anakusalimu. Burito pia anakusalimu, na anaulizia cheti chake.

Ni mimi mwanafunzi wako mwenye uchungu na adabu,

Pelagia Masatu (Mama Nyamburi)

N.B. Barua hii niliimaliza asubuhi, nikatoka kuipeleka posta. Nilipofika njia panda, miguu ikakata kona kuelekea juu. Nilimkuta Mzee Leodgar zizini. Nilimwambia yote kwa Kizanaki, lugha yetu ya nyumbani, nikiwa nimesimama nje ya ua, na niliongea mfululizo bila kujua nukta iko wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na hili nalo ni marudio?" Nikamwambia hapana. Akajifuta mikono kwenye suruali. Padri tumeshamwona jioni hii, ndoa ni Agosti. Kwa hiyo usimhamishe Mwalimu Enos, maana tumemchagua kuwa msema chochote wetu, yule wa kushika kipaza sauti harusini, na ukurasa wa thelathini na mbili uachwe kama ulivyo. Barua naituma hivyo hivyo, kwa sababu sijawahi kuandika nyingine nzuri kama hii.

Ulitaka kujua alisema nini baada ya kujifuta mikono? Alifungua lango la zizi, akasema, "Shika huyu ndama, nimkamue mama yake." Nikamshika.