Majeruhi Mteule wa Lukenya

Mnamo Februari 2001, Ofisi ya Uratibu wa Mwendo wa Umma, tawi la Machakos, ilitangaza kwamba ajali za milimani zimefika mwisho. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa mbele, mlango wa nyuma, na mlango wa choo cha wakubwa, ambao wadogo hawajawahi kuuona lakini waliambiwa upo. Kuanzia sasa watumishi wote wangepanda kilima kimoja kila mwezi, kwa pamoja, kila mtu akimlinda mwenzake. Atakayetaka kuumia ataumia kwa utaratibu.

Aliyelipiga chapa tangazo hilo ni Kavutha, msichana mpole aliyetoka chuoni na cheti cha uhazili na kingine cha huduma ya kwanza. Alikuwa na miezi minne kazini na aibu ya miaka mingi. Simu ikilia mezani pake, aliitazama kwanza kama mgeni aliyeingia bila hodi. Lakini ndiye mtu pekee aliyeusoma Mwongozo wa Matembezi Salama wote, kurasa arobaini na moja, kwa sababu huwezi kupiga chapa usichokisoma. Mwandishi wake, Bwana Bartholomew Ndeti, Mratibu wa tawi, alikuwa ameutamka kwa mdomo huku amefumba macho, na hakurudi tena kuuangalia.

Mwongozo uligawa majukumu kwa haki. Kulikuwa na Afisa wa Mbele na Afisa wa Nyuma. Kulikuwa na Afisa wa Kuangalia Kulia na mwenzake wa Kushoto. Huyu wa Kushoto alikuwa likizo, kwa hiyo miiba ya upande huo haikuwa na mwenyewe na watembeaji waliombwa wavumilie. Wamuyu, karani wa stoo, alikuwa Afisa wa Maji. Alibeba jerikeni ya maji ya dharura, ambayo haikuruhusiwa kufunguliwa kabla dharura haijathibitishwa.

Jukumu zito kuliko yote lilikuwa la Majeruhi Mteule. Ibara ya saba ilisema: "Ajali isiyopangwa ni dalili ya uongozi mbaya. Kila msafara utakuwa na majeruhi mmoja aliyeteuliwa mapema, atakayebebwa kwa machela tangu mwanzo hadi mwisho, ili wenzake wapate mazoezi." Mwanzoni watu hawakuelewa. Walipong'amua kwamba Majeruhi hupanda mlima akiwa amelala chali, maombi kumi na saba yaliletwa kwa siku moja. Wamuyu aliambatisha na barua ya mchungaji wake. Bwana Ndeti aliyasoma yote, akasikitika kuona ubinafsi ulivyoenea katika utumishi wa umma, akajiteua mwenyewe.

Machela hubebwa na watu wanne. Watatu walikuwa vijana wa ulinzi. Wa nne alikuwa Wathome, tarishi, mwenye miaka hamsini na minne, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Hakuwa na cheo popote katika Mwongozo, na asiye na cheo hupewa mzigo.

Kavutha alijua jambo kuhusu Wathome. Kila asubuhi mzee alisimama katikati ya ngazi za ofisi kusoma tangazo la mwaka 1997 kuhusu mbwa wasiochanjwa. Alilisoma dakika nne nzima, mkono mmoja kifuani. Hakuna habari ya mbwa inayohitaji dakika nne.

"Mzee, hicho kifua umekipeleka kwa daktari?" alimuuliza Ijumaa.

"Mwiitu," alisema, kama Wakamba wanavyomwita binti, "hii kifua tulizaliwa nayo siku moja. Tutastaafu pamoja."

"Basi mwambie mkubwa huwezi kubeba."

"Nimwambie, aandike sifai, anifukuze na nimebakisha mwaka moja tu? Wacha nibebe. Yeye si mlima. Ni mtu tu, ako na mwisho."

Jumamosi saa tatu walikusanyika chini ya Lukenya, malori ya mawe yakipita barabarani na kuwapaka vumbi bila ubaguzi wa vyeo. Mratibu Mkuu, Bwana Kinyua, alikuwa amefika kutoka Nairobi kuzindua msafara. Alikata utepe uliofungwa kati ya miti miwili ya miiba, akasema kwamba yeye mlima huo ameshaupanda kisera, akarudi garini. Juu kileleni Hirad, mfanyabiashara wa mifugo aliyeagizwa kuwaandalia chakula, alikuwa anachoma nyama tangu alfajiri. Alikuwa amepanda peke yake na mbuzi wawili, bila Afisa wa Mbele wala wa Nyuma, akafika salama, jambo ambalo halikuwa na ibara.

Msafara ukaanza. Bwana Ndeti alilala chini ya mwavuli, hotuba yake ya kileleni imekunjwa mfukoni.

"Bebeni kama mnabeba mtu," alisema. "Miguu yangu imepita kichwa."

"Ni mlima, mkubwa," alijibu kijana mmoja wa ulinzi. "Umeinama."

"Basi inyoosheni machela."

Kupokezana kuliruhusiwa, lakini kwa kibali cha Majeruhi, na Majeruhi alikuwa amesinzia.

Nusu ya njia, kwenye jiwe kubwa, Wathome alisimama. Hakuanguka. Aliishusha kona yake ya machela taratibu, kama mtu anayeweka mayai, akaketi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu na kifua kilipiga filimbi.

Bwana Ndeti aliamka kwa kuteleza upande mmoja. "Nani ameshusha kona?"

"Ni mzee Wathome, mkubwa," alisema Kavutha. "Hawezi kupumua. Naomba apewe machela."

"Machela iko na mtu."

"Lakini yeye anaumwa kweli."

"Kavutha, hebu tufikirie kama watu wa ofisi. Wathome ni mchukuzi. Mchukuzi akiwa majeruhi, atakuwa amejibeba. Umewahi kuona kitu kama hiyo?"

Wamuyu aliikumbatia jerikeni yake. "Kwani hii si dharura? Nifungue maji?"

"Dharura ni mimi," alisema Bwana Ndeti, "na sina kiu."

"Mambo ya mzee tuyaweke kwa ajenda ya Machi," alishauri Afisa wa Nyuma kutoka mbali, kama cheo chake kilivyomtaka.

"Wacheni maneno," alisema Wathome. "Nikipumzika kidogo nitashika tena." Akaunyoosha mkono kuufikia mti wa machela. Mkono ukaikosa njia, ukagusa nyasi.

Kavutha alihisi masikio yakiwaka. Hakujua kubishana na wakubwa, hakuwahi kujaribu. Alichojua ni kazi aliyoajiriwa. Akafungua Mwongozo ukurasa wa ishirini na tisa, akapiga magoti, akaanza kumtibu Bwana Ndeti.

"Mkubwa, umekula leo?"

"Bado. Nangojea nyama ya Hirad."

"Hutakula. Inasema hapa, majeruhi asipewe chakula wala kinywaji mpaka aonwe na daktari."

Harufu ya mbuzi ilikuwa imeanza kushuka mlimani. Bwana Ndeti akacheka. "Hiyo ni ya majeruhi wa ukweli."

"Mwongozo hautofautishi."

"Basi mimi ni mzima."

"Kifungu cha pili," Kavutha alisoma, kidole kikifuata mstari. "Majeruhi akidai kwamba ni mzima, amechanganyikiwa, na afungwe mikanda kwa usalama wake."

Vijana wa ulinzi, ambao walikuwa wamepandisha kilo tisini tangu saa tatu, waliifunga mikanda kwa bidii ambayo tawi halijawahi kuirekodi.

"Na hotuba yangu?"

"Kifungu cha tatu. Asihutubie."

"Nani aliandika huu upuzi?"

Afisa wa Kuangalia Kulia aliangalia kulia.

"Sawa," alisema Bwana Ndeti kwa sauti ndogo. "Nani anaweza kunitoa?"

"Msaidizi wa huduma ya kwanza, peke yake."

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi, mkubwa."

Kavutha mwenyewe alishangaa kwamba sauti iliyosema hivyo ilikuwa yake.

"Basi tangaza nimepona."

"Nitatangaza. Lakini kuna ibara ya thelathini. Majeruhi aliyepona, kwa kuwa amepumzika kuliko wenzake wote, atashika nafasi ya mchukuzi aliyechoka zaidi."

Ibara hiyo Bwana Ndeti aliiongeza baadaye, kwa mdomo vilevile, wiki aliyohofia kwamba barua ya mchungaji ingempa Wamuyu nafasi. Alitazama moshi kileleni. Akaitazama mikanda.

"Niko na mgongo mbaya," alisema.

"Hiyo ni dalili mpya. Nirudi ukurasa wa ishirini na tisa?"

"Nimepona," alisema Bwana Ndeti.

Wamuyu alifungua jerikeni kabla hajaambiwa. Walimlaza Wathome, mabega yakiwa yameinuliwa kwa makoti ya watu ili pumzi ipate njia. Na kwa kuwa majeruhi hushushwa, hapandishwi, msafara uligeuka, ukaipa nyama mgongo, ukaanza kuteremka. Bwana Ndeti alikuwa mbele, upande wa kushoto.

"Mkubwa, kuna jiwe hapo," alisema Wathome kutoka machelani.

"Nimeliona."

"Na mwiba."

"Nimeuona, mzee."

"Hujauona. Umekuingia."

Chini, Mratibu Mkuu alitoka garini, macho yamelowa. Katika miaka ishirini ya utumishi, alisema, hajaona mratibu akimbeba tarishi wake. Akaagiza hapo hapo kwamba Wathome aandikwe Majeruhi Mteule wa kudumu wa tawi, asibebeshwe hata bahasha nzito, na asiguswe na yeyote mpaka siku ya kustaafu. Bwana Ndeti aliitikia, kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kupinga. Kisha akaitwa mpiga picha.

Lakini kabla kamera haijawa tayari, Kavutha alikuwa ameshamwingiza Wathome kiti cha nyuma cha gari la Mratibu Mkuu na kumwambia dereva, "Hospitali." Alilisema kama mtu anayesoma ibara, na dereva hakuuliza ni ya ngapi.

Bwana Kinyua aliitazama machela tupu. "Na picha?"

"Itabidi tupate mwingine wa kulala," alisema mpiga picha. "Na mwanga ni mzuri pale juu kwa lile jiwe."

Mratibu Mkuu alifikiri. Alikuwa mtu wa kilo mia moja na ishirini, bila viatu. "Kiongozi ni mfano," alisema. "Nitalala mimi."

Hapo vijana wa ulinzi waligundua, wote watatu kwa mara moja, kwamba zamu yao imekwisha. Nafasi zao zilichukuliwa na Afisa wa Mbele, Afisa wa Nyuma na Afisa wa Kuangalia Kulia.

Gari lilikuwa limeshaondoka. Wathome aliegemea dirisha lililo wazi, pumzi ikimrudia kidogo kidogo.

"Mwiitu, angalia nyuma. Wanafanya nini?"

"Wanapanda, mzee."

"Na mkubwa?"

"Yuko mbele. Amebeba."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Kavutha akamshika mgongo mpaka kikatulia. Kisha Wathome akagonga kiti cha dereva kwa kidole. "Kijana, punguza mwendo kidogo. Tuwaone wakifika kwa jiwe."

"Usipunguze," Kavutha alimwambia dereva.

Halafu akageuka kwenye kioo cha nyuma, na yule msichana aliyeogopa simu akamsimulia mzee safari yote ya wakubwa, hatua kwa hatua, nani ameteleza na nani ameomba kupumzika, bila kunyamaza, mpaka Lukenya ikapotea.